Shuka la Watu Wawili

Kazi yangu ni kuwa mwili. Nikisema hivyo kwenye sherehe watu hucheka, kisha hugeukia meza ya vinywaji. Jina langu halipo kwenye jalada, sauti si yangu, sura si yangu. Lakini ukimwona mtu wa kwenye gemu anapanda ngazi kwa uchovu, anajikuna shingo, anaanguka kwa risasi, huenda aliyechoka, aliyejikuna na aliyeanguka ni mimi, Ylva, ndani ya ukumbi mmoja wa mji wa Norrköping uliokuwa kiwanda cha nguo zamani. Huvaa vazi jeusi la kubana lililobandikwa vishanga vinavyong'aa toka kisigino hadi kisogo. Kamera zimening'inia darini pande zote. Hazinioni mimi, zinaona vishanga tu. Kompyuta huviunganisha ikapata mifupa inayotembea, na wachoraji huivika mifupa hiyo ngozi ya mtu wanayemtaka.

Aliyeniingiza kwenye kazi hii ni Hedvig. Tulijuana chuoni Lund tukiwa wanafunzi, yeye akisoma falsafa, mimi dansi. Tulipanga chumba kimoja, tukagombana kuhusu vyombo vichafu na kupatana kuhusu mengine yote. Alipopata kazi ya kuandika hadithi za michezo ya kompyuta, aliniita.

"Mimi nitakuwa akili, wewe uwe mwili," alisema. "Tuone nani atachoka kwanza."

"Akili yako ilichoka zamani, shoga. Ndiyo maana inatafuta wa kuibeba."

Tulizoea kutaniana hivyo. Hakuna mtu niliyemwamini kuliko yule mwanamke, na nalisema hili mapema ili lieleweke.

Mchezo wake mkubwa unaitwa Mpangaji. Anayeucheza ni nafsi isiyo na mwili, inayoingia katika miili ya watu wa nchi moja ya kubuni: mara mzee mchunga kondoo, mara askari mtoro, mara binti aliyefiwa. Kila mwili una mazoea yake, na mpangaji huyakuta humo kama mtu anavyokuta fanicha za mwenye nyumba. Hedvig alishikilia kwamba mtu ni nafsi yake basi, na mwili ni nyumba ya kupanga, ukihama umehama. Nilimwambia anasema hivyo kwa kuwa hajawahi kuvunjika mguu. Miili yote ile niliitembea mimi.

Novemba ile Mama alikuwa amelazwa huko kwetu Söderhamn. Madaktari walisema hali si mbaya, nami niliwaamini kwa sababu ilinifaa kuwaamini. Saa ya kahawa ikafika. Kazini kwetu saa ya kahawa haina mjadala. Hata jengo likiwaka moto, watu watatoka na vikombe vyao. Wote walikwenda jikoni kwenye mikate ya mdalasini. Kamera hazikuzimwa, maana ukizizima lazima uzipime upya, na kazi hiyo ingekula muda wa kahawa. Mimi nilibaki nyuma kidogo. Nilikuwa nimeificha simu chini ya kiti, kwa sababu simu ukumbini ni marufuku. Nikakuta kaka yangu Torbjörn amepiga tena na tena. Nikampigia.

"Ylva," alisema. "Mama ametutoka."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nilikuwa nimeshuka chini kununua gazeti. Gazeti tu, Ylva."

Nilichofanya baada ya hapo sikijui. Najua nilichohisi, na hicho sikumwambia mtu. Nilihisi Mama yuko mle ukumbini, upande wa pili, karibu kabisa, ananingoja nifanye jambo fulani ili naye amalizie. Sikumwona. Nilijua tu kwamba yupo, kama unavyojua kuna mtu jikoni hata kama hujaingia. Halafu akawa hayupo. Huko ndiko kuagana kwetu, na hakukuwa na shahidi.

Nilipotoka, ofisi nzima ilikuwa tupu. Makoti yameondoka, taa za jikoni zimezimwa. Mtu alikuwa ameweka mkoba wangu karibu na mlango wa ukumbi, na viatu vyangu pembeni yake, vimepangwa vizuri. Huku kwetu huo ndio upole. Mtu akiwa na msiba hatumvamii, hatumkumbatii bila kuitwa, tunampisha. Walikuwa wamenisikia wakanipisha, wakaondoka kwa kunyata. Nilishukuru hata machozi yakanitoka upya. Kwenye simu nilikuta ujumbe wa Hedvig: "Nipo ukinihitaji." Niliusoma kwenye treni mpaka betri ikaisha.

Tulimzika Mama, nikarudi kazini. Majira ya kuchipua yalipofika, Mpangaji ukawa umekaribia kukamilika, na wafanyakazi wote tukaitwa kuutazama kwenye skrini kubwa, na keki juu. Nilikaa mstari wa pili. Hedvig alikaa mbele yangu, nywele zake kazibana vizuri siku hiyo.

Ikafika sehemu ya binti aliyefiwa. Nafsi inaingia ndani yake akiwa amepiga magoti kwenye nyasi, upepo unavuma. Nilitambua goti kwanza. Mimi huegemea kushoto kwa sababu la kulia liliteguka zamani, na yule binti aliegemea kushoto. Nikadhani ni kipande cha mazoezi fulani. Kisha akainuka, akanyoosha mikono mbele, akafumba ngumi zote mbili, akarudi nyuma hatua chache na kuvuta. Hakukuwa na kitu mikononi mwake. Alivuta moja kwa moja, akavuta kwa mshazari, upande huu, upande ule. Akatembea mbele taratibu, mikono imeinuliwa usawa wa kifua, akakabidhi kitu kwa mtu asiyekuwepo. Akasubiri hapo na mikono yake hewani. Hakuna aliyepokea. Akarudi nyuma akaanza tena.

Huko nyumbani, kila zamu yetu ilipofika kwenye chumba cha kufulia cha pamoja, chini ya jengo, mimi na Mama tulikuwa tunavuta mashuka ili kuyakunja. Yeye ncha mbili, mimi ncha mbili, tunarudi nyuma, tunavuta mpaka yanyooke, kisha tunakaribiana, naye anachukua ncha zangu toka mikononi. Alikuwa na utundu wa kuvuta ghafla ili shuka linitoke, halafu ananicheka. Tulifanya hivyo tangu nikiwa mfupi kuliko mashine ya kufulia, na tukafanya hivyo mara ya mwisho kiangazi kilichotangulia kifo chake. Na sasa niliona, mbele ya watu wenye vipande vya keki mapajani, kile ambacho mwili wangu ulifanya siku ile mimi nisijue. Mwili ulikwenda kumtafuta Mama kwa njia pekee uliyoijua.

Mtu alipenga kamasi. Taa zilipowashwa, bosi wetu Jerker, mwanamume mwenye moyo mwepesi na sweta nzito, alisimama kabla ya wengine.

"Hedvig, hiyo mila ya mikono! Mpaka nywele zimenisimama. Umeitoa wapi?"

"Kwa watu wa nchi ile, aliyefiwa hupima sanda hewani," Hedvig alisema. Kisha akashusha macho kwa unyenyekevu. "Sijui niseme nini. Ilinijia tu."

Ilinijia tu! Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, Mungu anisamehe, kwa sababu mikono ya mtu mzima hupiga makofi wengine wakipiga.

Nilimkuta jikoni anasuuza kikombe.

"Ilikujia tu," nikasema.

Hakugeuka. "Ylva. Nilitaka kukwambia."

"Lini? Mwakani?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri. Ulikuwa na msiba."

"Kwa hiyo uliungoja msiba uishe ndipo uniuze. Nani aliichukua ile rekodi?"

"Hakuna aliyeichukua. Kamera zilikuwa zinaendelea. Ilikuwemo tu."

"Na wewe uliipataje?"

Hapo alifunga bomba. "Nilirudi kufuata kikombe changu. Nilikiacha chumba cha mitambo, kwenye kompyuta za kamera. Nikaiona kwenye skrini."

"Uliiona baadaye?"

"Wakati ule ule."

Chumba cha mitambo kimetenganishwa na ukumbi kwa mlango mmoja mwembamba. Ukikohoa huku, kule wanakuambia ujikinge.

"Ulikuwa nyuma ya mlango."

"Ndiyo."

"Ulikaa muda gani?"

"Mpaka ukamaliza."

"Ulisimama?"

"Nilikaa," alisema. "Nilivuta kiti nikakaa."

"Hedvig, mama yangu amekufa, mimi niko chini sakafuni, na wewe umevuta kiti?"

"Sikutaka kukuingilia! Ungetaka niingie? Hakuna aliyeingia. Wote tuliona ni heshima kukuacha."

"Wenzako walikwenda nyumbani. Wewe ulitazama."

Alinigeukia, macho mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ile ya Lund, ya mtu anayejua atashinda. "Nisikilize, mwenzangu. Mle hamna uso wako, hamna sauti yako, hamna jina lako. Kuna vishanga vinavyosogea. Huzuni yako iko ndani yako, hakuna aliyeigusa. Wewe si mikono yako."

"Basi kama si mimi, kwa nini ulikaa kutazama?"

Akaanza kukausha kikombe, akaendelea hata kilipokuwa kikavu.

Nilidai kipande kile kitolewe. Kwetu bosi haamui peke yake. Tunaketi duara, kila mtu anasema lake, na tunazunguka mpaka wote wakubali au wachoke, ilimradi pasiwe na mshindi. Jerker alinikumbusha kwa aibu kwamba kisheria chochote kinachonaswa ukumbini ni mali ya studio, kisha akasema lakini sisi ni binadamu. Mmoja akasema anaelewa pande zote mbili. Mwingine akasema naye anaelewa pande zote mbili. Nilitamani kutupa kiti dirishani. Hedvig ndiye aliyeleta suluhisho, kwa ile sauti yake ya asali.

"Ylva atupe nyingine badala yake. Aigize mwenyewe, kwa hiari yake, huzuni yoyote anayotaka. Ile ya zamani tuifute."

Wote wakaitikia kwa kichwa. Nami nikakubali, kwa sababu nilichotaka ni kimoja tu: jambo langu na Mama lirudi kuwa langu na Mama.

Nikavaa vazi. Safari hii Hedvig alikaa ndani ya ukumbi, mbele yangu kabisa, mikono magotini. Nilipiga magoti, nikajikunja, nikajikumbatia mabega, nikayumba. Mimi ni mtu wa kazi hii, najua huzuni inakaa wapi mgongoni na jinsi ya kuiita. Moyoni nilikuwa nafikiria kama nimebakiza viazi vya kutosha kwa chakula cha usiku. Nilijiona mwizi kwa kulia bila kulia, lakini nikasema acha wapate hii, hii ni ya kuuza.

Nilipomaliza, Hedvig alikuwa analia. Alilia hasa, pua na kila kitu. Alinijia akanikumbatia bila kuombwa, jambo ambalo hajalifanya tangu nimjue.

"Ndiyo hii," alisema shingoni mwangu. "Ylva, ndiyo hii. Inapita ile nyingine."

Moyo wangu ukalainika. Nilisema labda kweli hakuelewa alichokifanya, na sasa ameelewa. Siku hiyo tulikula pamoja kwangu, viazi na samaki, akanisimulia vituko vya mumewe aliyemtaliki, nikacheka mpaka nikapaliwa. Alinivisha kilemba cha ukoka nami nikainamisha kichwa kivae vizuri.

Mchezo ulitoka Oktoba. Sikuununua, mimi nikishamaliza mwili sitaki kukutana nao tena barabarani. Aliyeununua ni Torbjörn. Kaka yangu ni fundi wa mabomba, ana vidole vinene, hajui gemu ni nini. Aliazima mashine ya jirani yake ili aone kazi ya dada yake. Alinipigia Jumapili asubuhi, na sauti yake haikuwa sawa.

"Nimekuona," alisema.

"Umeniona wapi, we? Mle simo."

"Usinitanie. Nimekuona na mashuka. Mama na mashuka yake! Nilikuwa siamini, nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Umemweka Mama mle ndani, Ylva, dunia nzima imwone." Nikasikia anapumua. "Mimi sikuwahi hata kumuaga, nilikuwa nimefuata gazeti. Sasa kila siku nawasha naenda pale kwenye nyasi. Asante, dada yangu."

Nilimwambia karibu. Ungesema nini wewe? Nilimwambia karibu, nikakata simu, nikampigia Hedvig.

"Mliahidi," nikasema.

Alijua mara moja. "Tulizijaribu zote mbili kwa wachezaji. Ya pili haikumgusa mtu. Hata mmoja. Waliniuliza kwa nini yule binti anaumwa tumbo."

"Nani aliamua?"

"Kikao. Ulikuwa likizo. Tulizunguka meza."

"Na wewe ulisema nini zamu yako ilipofika?"

"Sikusema kitu."

"Hukusema kitu kama nini? Kama kukataa au kama kukubali?"

"Unajua mwenyewe," alisema taratibu. Na kweli nilijua. Kwenye meza ile asiyesema amekubali, wote tumelelewa hivyo.

"Lakini ulilia, Hedvig. Nilikuwepo. Uliniangukia shingoni ukasema inapita ile nyingine."

Nilisikia redio yake kwa mbali, watu wanajadili hali ya hewa.

"Nililia kwa sababu nilijua haitatumika," alisema. "Nilikuona unavyojitahidi, na nilijua tangu dakika ya kwanza hamna kitu ndani. Nikakuonea huruma."

Kwa hiyo alijua. Yule aliyenihubiria miaka yote kwamba mtu ni nafsi na mwili ni nyumba tu, aliitazama nyumba kwa nje akajua mara moja kwamba mwenyewe hayumo. Alijua pia, siku ile nyuma ya mlango, kwamba mwenyewe yumo. Ndiyo maana alivuta kiti. Angedhani ni vishanga tu angechukua kikombe chake akaenda zake. Hilo ndilo lililonikata, kuliko wizi wenyewe. Nilimwambia asinitafute tena, naye kwa heshima zetu za huku akanipisha. Hajanitafuta mpaka leo.

Nasikia wachezaji wanabishana kwenye mitandao kuhusu maana ya kupima sanda. Wengine wameanza kuifanya makaburini kwa wafu wao wa kweli. Hedvig amehojiwa na redio, akaeleza jinsi fikra inavyotangulia na mwili ukafuata.

Sikukuu ya Watakatifu Wote nilikwenda Söderhamn. Makaburi yote yalikuwa na mishumaa, theluji ya kwanza imeanza kudondoka, na mimi na Torbjörn tulisimama mbele ya jiwe la Mama tukiwa tumeingiza mikono mifukoni. Aliniambia mkewe, Birgitta, anamlaumu kwa kukaa sana mbele ya televisheni. Kisha akanisogelea begani.

"Nikuulize kitu. Siku ile uliponipigia. Ulihisi nini?"

Ni yeye peke yake duniani aliyekuwa na haki ya kuniuliza, na nilitaka kumpa. Nilitaka kumwambia alikuwepo, Torbjörn, hakwenda bila kuaga, alipita kwangu. Nikafumba macho nirudi pale ukumbini nikamtafute. Nikaona nyasi. Nikaona binti wa watu amepiga magoti, namtazama toka juu, kwa mbali, mahali zilipo kamera. Anainuka, anavuta, anakabidhi, anasubiri. Nilijaribu kushuka nimwingie, nisimame ndani ya mikono ile nihisi aliyeko upande wa pili. Sikuweza. Nimekwisha kumwona kwa nje.

"Ylva?" kaka yangu alisema. "Ulihisi nini?"

"Sijui," nikamjibu. "Sikuwepo."